Kufundisha Maana ya Bendera: Mifano ya Bendera Zisizo za Kawaida

Katika shule nyingi za msingi somo la bendera hufundishwa kwa njia moja. Mwalimu huandika rangi za bendera ya taifa ubaoni, mbele ya kila rangi huandika neno moja au mawili, wanafunzi husoma kwa pamoja mara tatu, kisha hunakili. Baada ya wiki moja mwanafunzi akiulizwa rangi ya kijani ina maana gani, hujibu barabara. Lakini akiulizwa ni nani aliyeamua hivyo, na kwa nini rangi ile ile katika nchi jirani ielezwe kwa namna nyingine, hunyamaza. Tusimlaumu. Amejifunza orodha, wala hakupewa nafasi ya kufikiri.

Makala haya yanakusudia kuwasaidia wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Tutaeleza bendera chache zisizo za kawaida, maana zake, na jinsi mwalimu anavyoweza kuzitumia darasani. Tumechagua bendera za namna hiyo kwa sababu ya kimbinu. Kitu kilichozoeleka hakimfanyi mtoto aulize. Bendera ya taifa lake ameiona kila asubuhi tangu darasa la kwanza, naye haitazami tena. Bendera yenye umbo la ajabu, au yenye picha ya kofia, humlazimisha kuuliza: kwa nini? Swali hilo likishazaliwa, mwalimu anaweza kumrudisha mtoto kwenye bendera yake mwenyewe, akaitazama kwa macho mapya.

Mambo matatu ya kutenganisha

Kabla ya kutoa mifano, hatuna budi kutenganisha mambo matatu ambayo walimu wengi huyachanganya.

La kwanza ni kile kinachoonekana: umbo, rangi, mistari na picha. Jambo hili kila mwanafunzi mwenye macho anaweza kulieleza mwenyewe bila kuambiwa.

La pili ni kile kilichotamkwa, yaani maana iliyotolewa na wenye bendera katika katiba, sheria au tangazo la serikali. Jambo hili mwanafunzi hawezi kulibuni. Lazima lipatikane kwa kusoma au kuuliza.

La tatu ni kile kinachosemwa na watu. Maana ya namna hii huzaliwa baadaye, huenea kwa mdomo, na pengine hutofautiana na maana iliyotamkwa. Nayo ni maarifa, ila yafaa itajwe kwa jina lake: "watu husema".

Mwalimu akizishika ngazi hizi tatu hatapotea. Akizichanganya, atajikuta anabuni maana mbele ya watoto na kuwafundisha kama kwamba ni kweli.

Umbo: bendera ya Nepal

Bendera za mataifa karibu zote zina pembe nne. Nyingi ni mstatili. Za Uswisi na Vatikani ni mraba. Bendera ya taifa moja tu, Nepal, haina pembe nne. Imefanywa kwa pembe mbili zilizochongoka, moja juu ya nyingine, mfano wa vibendera viwili vilivyounganishwa kwenye mlingoti mmoja. Tena urefu wake wa kwenda juu unazidi upana wake, jambo lisilopatikana katika bendera ya taifa lingine lolote.

Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, na ukingo wake ni wa buluu. Sehemu ya juu ina mwezi, na sehemu ya chini ina jua. Kwa muda mrefu mwezi na jua hivyo vilichorwa vikiwa na nyuso za watu. Nyuso hizo ziliondolewa tarehe 16 Desemba 1962, bendera ilipopewa vipimo rasmi. Maana inayotolewa mara nyingi ni kwamba mwezi na jua ni tumaini: taifa lidumu kadiri vinavyodumu viwili hivyo. Kuhusu zile pembe mbili, wako wanaosema ni milima ya Himalaya, na wako wanaosema ni dini mbili kubwa za nchi ile, Uhindu na Ubuddha. Hapa ndipo mwalimu anapopata mfano mzuri wa ngazi ya tatu: umbo moja, nalo lina maelezo zaidi ya moja.

Lakini lenye manufaa zaidi kwa mwalimu wa shule ya msingi ni hili: katiba ya Nepal yenyewe ina maelekezo ya kuchora bendera hiyo, hatua kwa hatua, kwa kutumia mistari na vipimo. Umbo la ndani hupatikana hivi, tukichukua mstari wa chini kuwa sentimita 30.

Chora mstari wa kulala AB, wenye sentimita 30. Kutoka A chora mstari wa wima AC, ambao urefu wake ni AB pamoja na theluthi moja ya AB, yaani sentimita 40. Juu ya AC weka alama D, ili AD iwe sawa na AB. Unganisha B na D. Juu ya mstari BD weka alama E, ili BE iwe sawa na AB. Kupitia E chora mstari ulio sambamba na AB, uanzie F iliyo juu ya AC, ufike G, na urefu wa FG uwe sawa na AB. Mwisho unganisha C na G. Ukifuata njia ya A, B, E, G, C na kurudi A, utaona umbo la bendera limetokea. Ukingo wa buluu huongezwa nje yake.

Wanafunzi wa darasa la tano au la sita wanaweza kuifanya kazi hii kwa rula na penseli. Ndani yake mna theluthi, mstari wima, mstari sambamba na usahihi wa kupima. Tena mna fundisho la uraia: watu wa Nepal waliona umbo la bendera yao ni jambo zito kiasi cha kulilinda kwa katiba.

Vifaa: bendera ya Msumbiji

Jirani yetu wa kusini ana bendera ambayo mtoto haisahau akiiona mara moja. Ina mistari mipana ya kijani, nyeusi na manjano, iliyotengwa kwa mistari myembamba myeupe, na pembetatu nyekundu upande wa mlingoti. Katika pembetatu hiyo mna nyota ya manjano. Juu ya nyota mna kitabu kilichofunguliwa, na juu ya kitabu jembe na bunduki vimepishana. Bunduki hiyo ni ya aina ya AK-47, nayo ina singe.

Maana yake imetamkwa wazi. Kijani ni utajiri wa ardhi, nyeupe ni amani, nyeusi ni bara la Afrika, manjano ni madini, nyekundu ni mapambano dhidi ya ukoloni. Kitabu, jembe na bunduki ni elimu, uzalishaji mali na ulinzi. Nyota ni moyo wa mshikamano na watu wa mataifa mengine.

Mwanafunzi atauliza, na inafaa aulize: kwa nini bunduki iwe kwenye bendera ya taifa? Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Mwalimu aelekeze darasa kwenye historia. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Vita vya ukombozi dhidi ya Wareno vilianza mwaka 1964, na uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Wapigania uhuru hao walikuwa na kambi Nachingwea na shule Bagamoyo. Kwa hiyo kitabu kando ya bunduki lilikuwa jambo walilolifanya hasa, wala si pambo la mchoraji. Bendera ya sasa ilianza kutumika mwaka 1983.

Baadaye nchi ile ilipita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokomeshwa kwa mkataba wa amani uliotiwa sahihi Roma mwaka 1992. Mwaka 2005 yalifanyika mashindano ya kubuni bendera mpya. Walikuwapo raia walioona kwamba nchi yenye amani haifai kupeperusha silaha, na wengine walioona kwamba kuiondoa bunduki ni kufuta kumbukumbu ya waliokufa. Bendera haikubadilishwa. Mwalimu asiwaamulie wanafunzi nani mwenye haki. Awape pande zote mbili, kila upande utoe hoja zake, na darasa lisikilize. Watoto wa miaka kumi na miwili wanaweza mjadala huo kabisa, ikiwa wameelezwa historia kwanza.

Methali: bendera za vikosi vya Fante

Si kila bendera ni ya taifa. Katika pwani ya Ghana, watu wa Fante wana vikosi viitwavyo Asafo. Zamani vilikuwa vikosi vya kuulinda mji. Baadaye kazi zao zikawa zaidi za sherehe, mazishi na shughuli za jamii. Kila kikosi kina bendera zake, nazo hutengenezwa kwa vipande vya nguo vilivyokatwa kwa maumbo ya watu, wanyama na vitu, kisha vikashonewa juu ya kitambaa.

Ajabu ya bendera hizi ni kwamba picha zake ni methali au majigambo. Picha ya mamba na samaki hueleza kwamba samaki wa bwawani hunenepa kwa faida ya mamba. Maana yake, kikosi chetu ndicho kinachotawala hapa. Picha ya mtu aliyebeba maji kwa kikapu, akitumia mmea wenye miiba kama kata ya kichwani, husema: yasiyowezekana kwa wengine, sisi tunayaweza. Bendera kama hiyo haina maandishi, lakini kila mpita njia anaisoma.

Kwa kuwa zilisomwa, ziliweza pia kuumiza. Picha iliyokidhihaki kikosi kingine iliweza kuanzisha ugomvi, na serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijaribu kuzidhibiti kwa kutaka michoro ipate kibali. Bendera za wakati wa ukoloni aghalabu zilishonewa bendera ya Uingereza katika pembe moja. Baada ya uhuru wa mwaka 1957 nafasi hiyo ilichukuliwa na bendera ya Ghana. Hivyo mtazamaji anaweza kukisia umri wa bendera kwa kuangalia pembe hiyo tu.

Mwanafunzi wa pwani yetu hatashangazwa na jambo hili akikumbushwa kanga. Mama anayevaa kanga yenye maneno fulani siku fulani hajakosea. Amesema bila kufungua kinywa, na jirani amesikia. Kanga husema kwa maandishi na bendera ya Asafo kwa picha, lakini nia ni moja. Mwalimu aanzie kwenye kanga, kitu kinachojulikana, ndipo aende Ghana, kitu kigeni.

Maana zinapobadilika

Kuna walimu wanaofundisha bendera kama kwamba ziliumbwa pamoja na milima. Yafaa wanafunzi wajue kwamba bendera huamuliwa na watu, na watu huweza kuamua tena.

Zanzibar ni mfano wa karibu. Chini ya utawala wa Sultani bendera yake ilikuwa nyekundu tupu. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, iliongezwa duara la kijani lenye karafuu mbili, zao lililoipatia visiwa mapato. Bendera hiyo ilidumu mwezi mmoja na siku chache tu, kwani Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Rangi za Chama cha Afro-Shirazi, buluu, nyeusi na kijani, ndizo zilizoshika nafasi. Na baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, buluu hiyo ikakutana na kijani, nyeusi na dhahabu za Tanganyika katika bendera ya Tanzania. Mwanafunzi aliyekariri kwamba buluu ni maji amejua nusu. Nusu ya pili ni kwamba rangi hiyo ni ushahidi wa nchi mbili zilizoungana.

Rwanda ilipata uhuru mwaka 1962 ikiwa na bendera ya nyekundu, manjano na kijani, yenye herufi R katikati. Herufi hiyo ilikuwa na kazi nyepesi: kuitofautisha na bendera ya Guinea, ambayo rangi zake zilikuwa zile zile. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 bendera ile ilikumbusha mambo mazito mno, na mwaka 2001 ilibadilishwa. Bendera mpya ni buluu, manjano na kijani, yenye jua katika pembe ya juu: amani, maendeleo ya uchumi, tumaini la neema, na mwanga. Kitambaa cha zamani hakikuwa kimefanya kosa. Lakini maana ya bendera huchanganyika na yale yanayotendwa chini yake.

Lesotho nayo ilianza mwaka 1966 na bendera yenye picha ya mokorotlo, kofia ya majani ya Wasotho. Wanajeshi walipotwaa madaraka mwaka 1986, kofia iliondolewa, na bendera ya mwaka 1987 ikawa na ngao na silaha. Mwaka 2006, nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, silaha ziliondolewa, kofia ikarudi. Bila kusoma ukurasa mmoja wa historia, mwanafunzi anaweza kuziangalia bendera hizo tatu na kukisia kilichotokea.

Bendera nyingine chache

Mwalimu mwenye muda anaweza kuongeza mifano ifuatayo kwa kifupi. Bendera ya Paraguay ina nembo tofauti kila upande, hata mtu akizunguka nyuma yake huona nyingine. Bendera ya Libya kuanzia mwaka 1977 hadi 2011 ilikuwa kijani tupu, bila picha wala mstari. Bendera ya Kupro, iliyochaguliwa mwaka 1960, ina ramani ya kisiwa chenyewe kwa rangi ya shaba, na chini yake matawi mawili ya mzeituni, alama ya amani kati ya Wagiriki na Waturuki wa kisiwa hicho. Korongo mwenye taji katika bendera ya Uganda ameinua mguu mmoja, kuonyesha nchi inayokwenda mbele. Nayo Liechtenstein, katika michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, iligundua kwamba bendera yake ya buluu na nyekundu ilifanana na ya Haiti; mwaka uliofuata ikaongeza taji. Mfano huu wa mwisho huwafurahisha sana watoto, nao hufundisha kwamba kazi ya kwanza ya bendera ni kutambulisha.

Kuandaa na kufundisha somo

Tunapendekeza mfululizo wa vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, kwa darasa la tano.

Zana. Karatasi za manila au magunia safi ya karatasi, rula, penseli, na rangi. Mahali pasipo na rangi za dukani, tumia mkaa kwa nyeusi, majani yaliyopondwa kwa kijani, manjano ya jikoni kwa manjano, na udongo mwekundu. Chora bendera mbili tu kwa ukubwa unaoonekana hadi dawati la nyuma. Bendera kumi ndogo hazifundishi kitu.

Utangulizi. Onyesha bendera moja isiyo ya kawaida bila kusema ni ya nchi gani. Waulize wanafunzi wanaona nini. Katika hatua hii usikubali jibu la maana. Mwanafunzi akisema "naona vita", mwulize ameona kitu gani kilichomfanya aseme hivyo. Hii ndiyo ngazi ya kwanza.

Maarifa mapya. Waruhusu wakisie maana, na uandike makisio yote ubaoni. Kisha waeleze maana iliyotamkwa na historia yake kwa ufupi. Walinganishe makisio na maana hiyo. Kisio lisiloafikiana lisiitwe upuuzi. Mwonyeshe mtoto kwamba watu wazima nao hutofautiana, kama tulivyoona kuhusu Nepal.

Kukazia maarifa. Rudi kwenye bendera ya taifa lenu, uipitishe katika ngazi zile tatu. Utaona wanafunzi wakiuliza maswali ambayo hawajapata kuyauliza.

Kazi ya vikundi. Katika kipindi cha pili kila kikundi kichague methali moja ya Kiswahili, kama vile "Haba na haba hujaza kibaba" au "Umoja ni nguvu", na kibuni bendera yake bila kuandika neno lolote. Vikundi vingine vijaribu kuisoma. Bendera isiyosomeka irekebishwe na wenyewe. Kwa kazi hii mwalimu atapima kama wameelewa, bila kuhitaji mtihani.

Tahadhari

Kwanza, usibuni maana. Ukiulizwa usilolijua, liandike swali pembeni ya ubao, ulitafutie jibu, na ulete jibu hilo darasani. Mtoto humwamini mwalimu wake kuliko kitabu, na uongo mdogo wa mwalimu huishi miaka hamsini.

Pili, usiidhihaki bendera ya nchi yoyote. Kicheko cha kushangaa hakina ubaya. Kicheko cha dharau kikomeshwe mara moja.

Tatu, fikiri juu ya watoto waliomo darasani. Katika mikoa kama Kigoma, ambako familia kutoka Burundi na Kongo zimepokewa kwa miaka mingi, huenda yumo mtoto ambaye wazazi wake waliikimbia nchi ambayo bendera yake unaichora ubaoni. Usimlazimishe aieleze mbele ya wenzake, wala usimfanye msemaji wa nchi nzima. Akitaka kusema mwenyewe, msikilize kwa heshima. Somo la bendera linapomwacha mtoto mmoja akiwa ameinamisha kichwa, limeshindwa, hata kama wengine wote wamejibu sawasawa.

Nne, bendera halisi ya taifa isigeuzwe kitu cha kuchezea. Tumia michoro.

Maswali ya majadiliano

1. Chagua bendera ya nchi moja jirani. Eleza kinachoonekana, kilichotamkwa, na kinachosemwa na watu.

2. Je, ungejibu nini mwanafunzi akikuuliza kama bunduki katika bendera ya Msumbiji iondolewe? Toa sababu za jibu lako kama mwalimu, si kama mwanasiasa.

3. Andika andalio la somo la hisabati la darasa la sita ukitumia umbo la bendera ya Nepal. Ni mada zipi zitaguswa?

4. Tafuta kanga tatu nyumbani au sokoni. Ungezigeuzaje kuwa bendera zisizo na maandishi?